Alphard yachemsha mara ya tatu: nilipe Sh 45,000 kwa saa, au nirudi kwa mtoto wa ami?

Mzee wa Baraza, assalaam alaykum, na shikamoo.

Mie ni dereva wa wageni, nakaa Jambiani. Nina Toyota Alphard ya 2004, petroli, injini ya 2AZ. Niliinunua miaka miwili iliyopita kwa fedha za kiwanja cha urithi nilichokiuza pamoja na mchezo wa upatu wa mke wangu alioupokea mwezi ule ule. Kwa hiyo gari ni letu sote wawili, na yeye halisahau jambo hilo. Kazi yangu ni kuwapokea wageni uwanja wa ndege, kuwaleta mahotelini huku kwetu, na kuwazungusha: Mji Mkongwe, Jozani, mashamba ya viungo. Siku ya kawaida, nikishatoa petroli, nabakiwa na 60,000 hivi. Masika nayo unaijua mwenyewe.

Mwezi wa Septemba gari lilinichemshia Kitogani, nina wageni wanne na ndege yao saa mbili usiku. Nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni. Wageni wakashuka, mmoja akaanza kupiga picha. Nikampigia mwenzangu akaja akawachukua, na nauli yote nikampa yeye, pamoja na ahsante.

Fundi wangu ni mtoto wa ami. Gereji yake iko chini ya mti wa mkungu, karibu na nyumba yetu ya zamani. Tumesoma chuoni pamoja, tumechapwa bakora na mwalimu mmoja, na tangu nimenunua gari hili hakuna mkono mwengine uliolifungua. Bei yake ni ya kazi, saa hazimo katika hesabu. Akija akala chakula cha mchana kwangu, akajinyoosha kidogo, akaitwa maziko akenda, kazi ni ile ile na bei ni ile ile. Alisema gasketi ya hedi, ile ya kuziba baina ya injini na kifuniko chake cha juu, imekufa. Akaitoa hedi, tukaipeleka mjini kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso wake, akaifunga. Ufundi 150,000. Gasketi, oili, filta, kulanti ya kupoozea injini na vikorokoro vyengine vikanitoka 220,000. Gari likakaa siku 9.

Novemba likachemsha tena. Akafungua tena, gasketi mpya, bei ile ile, siku 6. Januari, mara ya tatu, siku 11, kwa sababu gasketi tuliiagizia Dar es Salaam ikaja ya gari jengine.

Mara hii ya tatu nilikaa naye kitako. Alipokuwa anafungua bolti za hedi, moja ya zile za nyuma kabisa, upande wa ndani, ilitoka na kitu kinang'aa kimejizungusha kwenye ncha yake, kama springi ya kalamu. Nikamuuliza nini hicho. Akasema uchafu. Akaifuta kwa tambara, akaiweka na wenzake, na wakati wa kufunga akairudisha.

Hazikupita wiki mbili, maji yakaanza kupungua. Chini ya gari hakuna hata tone. Sasa natembea na dumu la lita tano chini ya siti, nalijaza kisimani kwetu kila asubuhi, na kila nikifika Tunguu nasimama nasingizia nawaonesha wageni miti.

Mke wangu akanambia nenda gereji kubwa ya mjini. Nikenda. Wana lifti, wana kompyuta ya kupimia, wana chumba cha kusubiria chenye mashine ya kahawa. Wakanambia wao hutoza Sh 45,000 kwa saa ya fundi. Saa 2 za kuchunguza tu, 90,000. Mkuu wao akaangalia, akauliza maswali, akasema ikiwa ni kile anachokidhania basi itachukua saa 16, na spea zake 480,000 mbali. Alieleza anadhania nini, lakini sikusikia vizuri, maana akili yangu ilikuwa bado iko kwenye ile 45,000.

Mzee wangu, ni nani Unguja hii analipwa 45,000 kwa saa? Mwalimu wa skuli? Daktari wa serikali?

Mke wangu anasema rahisi huvunja upishi. Shemegi yangu aliyeko Marekani, mwenye lile gari-nyumba lenye vitanda, jiko na choo ndani, anacheka tu. Anasema yeye hulipa dola 180 kwa saa moja ya fundi na hungoja foleni wiki tatu, kwa hiyo ninyamaze nilipe. Mie naona gereji ile wananiuzia kahawa. Na zaidi ya fedha, mtoto wa ami akisikia gari nimelipeleka mjini, nitamtazama vipi msikitini?

Nilipe, au nirudi chini ya mkungu?

Mwenye Alphard, Jambiani

*

Waalaykum salaam warahmatullah, marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pahala pamoja: kwenye springi ya kalamu. Mie si fundi. Niliwahi kumiliki chai maharage moja, lile gari la abiria la zamani, kwa miaka minne, ikanifundisha harufu ya kila kitu kinachoungua, basi. Kwa hiyo barua nikaichukua mpaka kwa rafiki yangu mmoja mstaafu, aliyezeekea kwenye injini, za baharini na za nchi kavu. Nikamsomea. Nilipofika pale mtoto wa ami alipofuta bolti kwa tambara, alinishika mkono.

"Simama hapo hapo," akasema. "Ule si uchafu. Ule ni uzi wa bloku."

Nikueleze kama alivyonieleza yeye. Injini yako ya 2AZ bloku lake, yaani kiwiliwili cha injini, ni la alumini. Hedi inakaa juu yake na kushikwa na bolti 10 za chuma kigumu, ambazo huingia kwa kuzungushwa ndani ya uzi, ile mikunjo kama ya skrubu, uliochongwa kwenye ile alumini. Bolti hizi hazikazwi mpaka mkono uchoke. Hukazwa kwa hatua, kwa mpango wa moja baada ya nyengine, kwa spana ya kupimia ambayo mafundi huiita toki, halafu kila moja huzungushwa tena nyuzi 90, yaani robo ya mzunguko. Sasa injini hizi za miaka ya mwanzo, na yako ya 2004 imo humo humo, zinajulikana kwa ugonjwa mmoja: uzi wa kwenye bloku hulegea na kung'oka, khasa bolti za nyuma, zile zilizopakana na ukuta wa kuelekea kwa dereva. Injini za baadaye Toyota waliurefusha uzi huo kwa sababu hiyo hiyo. Uzi ukishakufa, bolti inakaa tu mle ndani kama mwiko kwenye sufuria. Haivuti. Hedi inanyanyuka kidogo tu, unywele, injini ikipata moto, na maji yanapita. Hayadondoki chini kwa sababu hutokea nyuma ambako hukauka juu ya chuma cha moto, au huingia ndani yakachomwa pamoja na petroli.

Sasa ukipenda weka gasketi ya dhahabu. Gasketi haishiki hedi, bolti ndiyo inayoshika hedi. Mtoto wa ami yako amebadilisha mara tatu kitu ambacho hakikuwa kibovu, au kilichoharibika kwa sababu ya ubovu mwengine. Na kile kispringi kilichong'aa kilikuwa kinamwambia.

Si kwamba nimekwisha kulihukumu gari lako nikiwa nimekaa barazani. Inawezekana pia hedi imepinda, au ina ufa, au rejeta limeziba, na nitalitaja dumu lako hapo mbele. Ndiyo maana jawabu langu la kwanza ni fupi: zile saa 2 za kuchunguza, lipa. 90,000 hiyo ndiyo fedha bora kuliko zote utakazozitoa kwenye gari hili, kwa sababu mpaka leo umetoa 1,110,000 na hakuna aliyekwambia gari linaumwa nini. Umelipia matibabu matatu bila ya kipimo hata kimoja.

Na uzisimamie hizo saa 2. Waambie unataka kuona wakitia presha kwenye mfumo wa maji gari likiwa baridi, kisha wamulike nyuma ya injini kwa tochi na kioo. Maji yakitokea pale, utaona alama: magamba meupe au ya waridi, kama chumvi iliyokauka kwenye ngalawa. Kuna na dawa ya rangi ya buluu, hewa ya kwenye rejeta hupitishwa humo injini ikiwa inawaka. Ikiwa moshi wa injini umepenya kwenye maji, dawa hugeuka manjano. Hivi ni vipimo vya dakika, havitaki uchawi. Gereji inayotaka 45,000 kwa saa na haina vitu viwili hivyo, nyanyuka, kahawa umekwisha kunywa.

Sasa tuje kwenye saa 16.

Ikiwa ni uzi kweli, kazi yake si ya kufungua na kufunga. Kila tundu la bolti hutobolewa upya, wima sawasawa, likachongwa uzi mpana zaidi, halafu likatiwa kikaka cha chuma chenye uzi ndani yake ambacho ndicho bolti itakachokishika tangu siku hiyo. Fundi mwenye akili hufanya matundu yote 10, hata yale yanayoonekana mazima, kwa sababu yote yana umri mmoja. Na yale ya nyuma hayafikiki kirahisi injini ikiwa ndani ya gari, kwa hiyo wengi hulazimika kuishusha. Rafiki yangu alininyooshea kidole kimoja hewani, akakiinamisha kidogo, kidogo sana, akasema: "Ukitoboa hivi, bloku limekwenda." Hakuna kufuta ukaanza tena. Saa 16 kwa kazi hiyo hazikunishtua mie wala yeye. Kama wangekwambia saa 5 ndipo ningekwambia kimbia.

Swali lako, ni nani analipwa 45,000 kwa saa, nimelipenda, kwa sababu lina jawabu: hakuna. Yule kijana mwenye ovaroli atakayelala chini ya gari lako hapati hata robo yake. Ile 45,000 inalipa kodi ya banda, lifti, jenereta umeme ukikatika, kompyuta na ada ya programu yake, karani, na kijana anayepangusa sakafu. Kahawa nayo imo, umeilipia wewe. Mtoto wa ami yako hana hata kimoja katika hivyo, mkungu hautozi kodi, ndiyo maana anaweza kukwambia 150,000 na kula na nyinyi chakula cha mchana. Hizi ni biashara mbili mbali, na ukizipima kwa bei ya saa ni kama kupima nguo kwa pishi.

Na huyo shemegi yako wa Marekani mwambie ahsante, lakini dola 180 zake ni za kule. Yale magari-nyumba ni nyumba khasa iliyotiwa magurudumu: mna pampu ya maji, mna gesi, mna friji, mna umeme wa aina mbili, paa linavuja, na fundi mmoja lazima ajue yote. Mishahara ni ya kule, bima ni za kule. Na kule kule wenyewe wanalalamika, wengine wamewakimbia wauzaji wakubwa wanaita fundi anayetembea na gari lake la vifaa akawafuata kambini. Dola 180 za mtu mwengine hazikufanyii 45,000 kuwa rahisi. Rahisi au ghali utaijua kwa mfuko wako.

Basi tuuangalie mfuko wako. Ufundi na spea mara tatu, 1,110,000. Siku gari lilizolala ni 9 na 6 na 11, jumla 26. Kwa 60,000 kwa siku, hiyo ni 1,560,000 iliyokupita usiione, na hukuiandika popote kwa sababu hakuna aliyekupa risiti yake. Jumla 2,670,000. Gereji ya mjini, uchunguzi na saa 16 na spea zote, ni 1,290,000. Wakikaa nalo siku tano, ongeza 300,000 ya siku ulizokosa: 1,590,000.

Lakini sitaki kukudanganya kwa hesabu, maana hesabu huweza kupindwa kama bati. Yaliyokwisha toka yametoka. Linganisha ya mbele tu. Ukirudi chini ya mkungu mara ya nne, kwa wastani wako ule ule, utatumia kama 890,000, ukitia na siku za kukaa. Ni chini ya mjini! Kwa hiyo kama mara ya nne ingekuwa ndiyo ya mwisho, ningekwambia rudi. Wewe mwenyewe unaamini itakuwa ya mwisho? Mara mbili zake ni 1,780,000, na hapo mjini wamekwisha kuwa rahisi. Na gasketi zako zinadumu miezi miwili, na hii ya mwisho hata wiki mbili haikumaliza.

Sasa nigeuze kofia, kwa sababu nisije nikawa nimewapigia debe wenye vyumba vya kusubiria. Mithali ya mke wako, rahisi huvunja upishi, ni ya kweli, ila muuza ghali naye anaipenda sana. Mie nina Escudo. Miaka ya nyuma ilianza kuninyima kuwaka asubuhi, mara iwake mara isiwake. Nikaipeleka gereji moja ya mjini, ya vioo kama hiyo yako, nao wakitoza kwa saa. Nikawaachia wazi: tafuteni. Wakatafuta. Siku ya pili wakasema wanatafuta shoti. Siku ya tatu nikapewa karatasi ya saa 7, na gari likawaka, nikalipa. Jumamosi likagoma mtaa wa Amani, mbele ya watu, nina mama mkwe kiti cha nyuma. Kijana mmoja fundi umeme, sanduku lake la vifaa ni ndoo, akaniambia fungua boneti. Akafuata waya wa ethi kutoka kwenye betri kwa kidole, mpaka pale unapofungwa kwenye bodi. Akaifungua ile nati. Chini yake kulikuwa na kutu ya kijani, ya chumvi, kama iliyopo kwenye vyuma vyote vya kisiwa hiki. Akasugua kwa kipande cha msasa, akakaza. Robo saa haikufika. Akataka 10,000, nikampa 20,000 kwa hasira za yule mwengine.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa kulipa kwa saa. Kosa langu lilikuwa kuwaachia saa wazi. Mtu unayemlipa kwa saa bila ya ukomo hana haraka ya kulipata jawabu, hata akiwa mcha Mungu.

Wewe usiache wazi. Wakishachunguza, waulize zile saa 16 ni saa za kitabu au saa za ukutani. Watengenezaji wa magari huandika kila kazi inastahili saa ngapi, na gereji nyingi kubwa hutoza kwa hizo: fundi akiwahi unalipa zile zile, akichelewa unalipa zile zile. Ikiwa ni za kitabu, basi hiyo si bei ya saa tena, ni bei ya kazi kama ya mtoto wa ami, na utaijua kabla. Ikiwa ni za ukutani, sema zikifika 16 wasimame wakupigie simu. Waandike. Waulize kama 90,000 ya uchunguzi itakatwa kwenye kazi pindi ukiwapa wao, wengi hukubali wakiulizwa, hawasemi wenyewe. Uliza kama kodi imo ndani ya bei au itakuja juu. Waulize hivi vikaka vya uzi wamekwisha kuvitia kwenye 2AZ ngapi, na nani kati yao ndiye aliyeshika mashine ya kutobolea, na umtazame usoni akijibu. Dai bolti mpya, si za zamani kufutwa tambara. Dai kilichotolewa urudishiwe ndani ya mfuko, gasketi na bolti zote. Na dhamana iandikwe kwa miezi au kwa kilomita, kwa jina la kazi yenyewe, isiwe "tutaangalia".

Watakutajia na njia nyengine: nunua injini mtumba ya kutoka Japani, ishushwe hii ipandishwe ile. Huwa ni haraka, na wakati mwengine ni sawa. Lakini injini mtumba ya miaka ile ile ina uzi ule ule, na umri ule ule, na hujui aliyeiendesha aliichemsha mara ngapi. Unaweza ukalipa kununua ugonjwa wako mwenyewe, wa mtu mwengine.

Na wakati? Msimu bado haujamalizika, lakini Machi iko mlangoni. Siku tano za kulala gari Aprili si sawa na siku tano za leo, maana Aprili wageni wenyewe unawatafuta kwa tochi. Kachunguze wiki hii, kazi kubwa uifanye masika ikianza. Sharti moja: baina ya hapo gari lisibebe mtu. Wale uliokwisha kuwaahidi, wape wenzako kwa makubaliano ya kugawana. Kila likichemsha hedi inapinda zaidi, na mgeni aliyekosa ndege haishii kupiga picha.

Nimebakisha mtoto wa ami kwa sababu naona ndiye hasa aliyekuandikisha barua.

Usiende kwa siri. Jambiani si London, utakuwa hujafika Kitogani keshajua. Na usimwambie mbele ya watu wala kwa simu. Mwendee asubuhi, kabla hajashika spana, umwambie kwamba ile springi ya kalamu huenda ni uzi wa bloku, na unataka mwende mjini pamoja. Mlipe siku yake. Nasema mlipe, kwa sababu ukimwita bure utakuwa umemburuza kwenda kushuhudia aibu yake, ukimlipa amekwenda kama fundi wako. Huyo bwana hajakuibia. Kwa siku 26 amepata 450,000, elfu 17 na kidogo kwa siku, na chakula chako cha mchana. Amekosa kujua, na hana toki, na hakuna aliyemuonesha. Akikuona wewe unasimama na mkuu wa gereji mkaoneshana tundu la bolti, nae akatia kidole chake ndani akausikia uzi umelainika, hatokurudia tena kukwambia uchafu, wala hatomwambia mwenye gari mwengine. Gereji nyengine haziruhusu mtu kuingia ndani kazi ikiendelea. Waombe, kwenye uchunguzi na siku hedi itakapotolewa, sidhani watakukatalia.

Na kazi zake umbakishie. Oili, plagi, breki, bushi, taa, mikanda, kwa nini umlipe mtu 45,000 kwa saa kukubadilishia breki? Hapo mkungu unawashinda wote, na kwa miaka utaokoa humo zaidi ya ulichotoa mjini. Mnunulie toki kwa fedha ya safari moja ya uwanja wa ndege, umpe kama zawadi. Akikasirika, atakasirika siku mbili.

Sasa dumu. Visima vyetu vya pwani vina chumvi, wewe unayaoga maji hayo kila siku unajua yanavyofanya sabuni. Ndani ya injini ya alumini yanaila polepole, na yanaacha magamba kwenye vijibomba vya rejeta mpaka yanaziba. Kulanti watu wanasema ni ya nchi za baridi, si kweli, inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka, na sisi ndio wenye kutu na joto. Waambie mjini waliangalie na rejeta katika zile saa 2, kabla hujalipia kazi ya hedi, isije ikapikwa na rejeta bovu. Na hilo dumu lililoko chini ya siti, kalimwagie mkungu leo jioni, ukimfuata mtoto wa ami.